Uvimbe Usiouma

Meskerem 5
Mvua zinaaga. Shayiri ya shamba la juu imeanza kugeuka rangi, na pimbi wametoka kwenye nyufa za mwamba nyuma ya nyumba kuota jua. Kipele changu cha shavuni bado kipo. Nilidhani ni usubi tu kaniuma na kitapotea chenyewe. Leo nimekigusa wakati wa kunawa uso, kimekuwa kigumu kama dengu iliyofichwa chini ya ngozi.

Meskerem 11
Kimekuwa chekundu. Mama amekitazama huku akimimina uji mzito wa mkate wa injera kwenye kikaango. "Usikikune," akasema, akageukia moto wake. Hakukitaja jina. Jina tunalijua. Katika kijiji chetu hakuna ukoo usio na mtu mwenye kovu la kunchir, lile donda la ngozi, usoni. Ila wengi huipata wakiwa watoto, wakakua na kovu lao, watu wakalizoea. Mimi naolewa mwezi wa Tir, miezi minne tu ijayo.

Meskerem 17
Sikukuu ya Msalaba. Nimevuta mtandio mpaka ukafunika jicho moja, nikawa naona nusu ya moto wa sikukuu na nusu ya watu.

"Umejifunika kama mtawa," kaka yangu Amsalu akaninong'oneza. "Yirdaw atadhani anaoa kanisa."

"Nyamaza wewe. Kingekuwa chako ungejua."

"Ninavyo. Viwili." Akanionyesha ndewe ya sikio na juu ya nyusi. Ni kweli, kuna vivimbe viwili, laini, rangi yake ileile. "Tofauti ni kwamba vyangu vimelelewa vizuri. Havipigi kelele."

Mama akamsikia. "Wewe dume zima, sikio lako nani atalitazama? Mwache mwenzio."

Tangu baba afariki, Amsalu ndiye anayelima, ndiye anayejua ng'ombe gani amechoka na shamba gani lipumzike. Hakuna anayemwonea huruma kwa lolote, naye hajawahi kuomba huruma.

Baada ya ibada, Mama Tangut, mama wa Yirdaw mchumba wangu, alikuja kwetu kunywa kahawa. Ni mwanamke wa maneno machache, na kila neno lina uzito wa jiwe la kusagia. Alikaa mbele yangu na Amsalu. Vikombe vyote vitatu vya desturi vilipita, macho yake hayakutoka upande wetu. Nilijua anachotazama. Nilihisi shavu linapiga kama moyo wa pili.

Meskerem 25
Kimepasuka.

Tikimt 2
Darasani. Mtoto wa dawati la mbele, mwenye meno mawili tu juu, aliniuliza: "Mwalimu, umeng'atwa na panya?" Darasa zima likacheka. Nikawaambia tuhesabu pamoja mpaka mia. Walipofika thelathini sauti yangu ilikuwa imerudi.

Tikimt 9
Mama alimleta mwanamke wa bondeni anayeunguza vidonda kwa chuma. Hakuniambia. Nilirudi kutoka shule nikakuta makaa yamekolea na ncha ya mundu mkuukuu imekuwa nyekundu, na mama ameshika kitambaa kilicholowa, macho yake hayatulii.

"Dakika moja tu, mwanangu. Nami nilifanyiwa, mguuni."

"Mguuni, mama. Hili ni shavu."

"Ndiyo maana tunafanya mapema. Unataka lile jeraha lifike jichoni?"

Akanishika mabega. Yule mwanamke alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Aliniambia nitazame ukutani. Nikasikia joto kabla chuma hakijanigusa, nywele za pembeni zikanuka moshi. Hapo mlango ukafunguka, Amsalu akaingia na jembe begani. Alitazama mara moja tu. Akauchukua ule mundu mkononi mwa mwanamke kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akautumbukiza kwenye mtungi wa maji. Ulilia pssss, nyumba ikajaa mvuke.

"Dada yangu si ndama wa kupigwa chapa," akasema.

"Nani kakuuliza?" Mama alikuwa analia. "Wewe una dawa? Tir iko hapo mbele. Una dawa?"

Hakuwa na dawa. Akatoka nje akakaa na ng'ombe. Mwanamke alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga. Mimi nilibaki nimeushika ukuta.

Tikimt 13
Mvua imenyesha juu ya shayiri iliyokwisha kukatwa. Mama hasemi na mtu.

Tikimt 20
Jeraha limekuwa na kingo zilizoinuka, katikati kuna shimo bichi. Linawasha, lina joto, asubuhi limegandana na mto. Nalala upande mmoja.

Leo tulipura shayiri. Kwa joto Amsalu alivua shuka yake nzito. Sikuwa nimemtazama vizuri kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mtu mwenye jeraha hujitazama mwenyewe. Sikio lake limenenepa. Kwenye pua kuna vivimbe vipya, na mikononi, juu ya viwiko, vimejipanga kama mbegu. Ngozi haijapasuka popote.

"Vimeongezeka," nikamwambia.

"Haviumi."

"Hata ukibonyeza?"

Akabonyeza kimoja kwa kidole gumba, akanikonyeza. "Ungependa tubadilishane?"

Nilipenda. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo. Nilitamani ngozi yake inayonyamaza.

Tikimt 27
Mzee mshenga kati yetu na akina Yirdaw amekuja na ujumbe: Mama Tangut anasema binti apelekwe hospitali kubwa ya mjini, na kaka yake aende naye. Mama aliusikia kama tusi. "Wanatupima kama mbuzi wa sokoni. Wanatafuta sababu." Amsalu akasema atanipeleka mradi teff, nafaka yetu ya injera, iwe haijaiva. Mimi nikasema nitaenda peke yangu, sihitaji mlinzi niliyechaguliwa na wakwe.

"Utakwenda na mimi," akasema. "Nani atakubebea hilo shavu?"

Hidar 3
Tumefika mjini jana. Leo tuliingia kwa daktari wa ngozi, msichana anayeweza kuwa wa umri wangu, anaitwa Meaza. Nitaandika yote kabla hayajachanganyika.

Alinikalisha dirishani akavuta mtandio wangu kwa vidole viwili. Nilifumba macho. Nilingoja asikitike, kama watu wote wanavyofanya, kwa kuvuta pumzi.

"Vizuri," akasema.

Nikafumbua macho. "Vizuri nini, daktari?"

"Kingo hizi. Linapambana. Lina muda gani?"

Nikamweleza. Akakwangua kidogo pembeni mwa jeraha, akapaka kwenye kioo chembamba cha kupimia. Akaniambia litafunga, pengine kabla ya mvua zijazo, pengine mapema zaidi. Litaacha kovu, na baada ya hapo si rahisi lirudi. Anaweza kunichoma sindano pembezoni ili liharakishe. Aliyasema yote hayo akiandika. Kisha akainua kichwa kuniaga, akamwona Amsalu aliyesimama mlangoni na shuka imefika puani kwa baridi ya mji.

Uso wake ulibadilika. Si sana. Kalamu tu ilitua mezani.

"Na wewe, kaka?"

"Mimi nimemsindikiza."

"Vua shuka, tafadhali."

"Mimi siumwi."

"Naona. Vua tu."

Alivua kwa kicheko, kama mtu anayeombwa acheze ngoma. Daktari alimzunguka. Alitazama masikio, pua, mikono, akamwomba avue shati. Mgongoni vilikuwepo pia. Mgongo wa kaka yangu nilikuwa sijauona tangu tukiwa watoto. Daktari akachukua pamba, akamwambia afumbe macho na aseme kila akiguswa. Amsalu alisema "hapo" kila mara, hata juu ya uvimbe wenyewe.

"Si ukoma," daktari akasema, na nadhani alijisemea. "Unasikia vizuri."

"Nani kataja ukoma?" Amsalu akauliza. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Alikwangua uvimbe wa sikio, akatuambia turudi kesho.

Hidar 4
Alitukalisha pamoja.

"Wadudu wenu ni wa aina moja," akaanza. "Usubi uleule umewauma, kutoka mwamba uleule. Dada, kwenye kioo chako nimetafuta karibu asubuhi nzima nikapata wachache wa kuokoteza. Kaka, kwako sikutafuta. Wamejaa."

"Lakini mimi siumwi," Amsalu akasema tena, taratibu, kama anayemweleza mtoto.

"Ndiyo shida yenyewe." Akavuta kiti. "Mdudu huyu akiingia kwenye ngozi, mwili hutuma askari wammeze. Humezwa kweli. Ila yeye hafi. Anaishi humohumo tumboni mwa askari, anazaana. Mpaka waje askari wengine watoe amri: choma ulichomeza. Kwa dada amri imetoka. Ule wekundu, lile joto, jeraha lenyewe, sehemu kubwa si kazi ya mdudu. Ni mwili wake unachoma, na ukichoma shamba, nyasi nzuri nazo huungua. Kwako amri haijatoka. Wamemeza, wamenyamaza. Hakuna vita, kwa hiyo hakuna maumivu. Nao wanaenea."

"Kwa nini kwangu tu?" Sauti ya Amsalu ilikuwa ndogo.

"Hatujui vizuri. Mwili wako si dhaifu. Ukishikwa na mafua utapona kama mtu yeyote. Ni kwa mdudu huyu peke yake, mwili wako umemchukulia kama mwenyeji."

Anataka Amsalu alazwe. Sindano kila siku, kwa miezi, na huenda ugonjwa ukarudi hata baada ya hapo. Hakutuficha. Asipotibiwa, utaendelea kuenea, uso na mikono, miaka na miaka.

Mimi nilikuja hapa nimebeba shavu langu kama yai. Tulipotoka nje sikukumbuka kujifunika.

Hidar 8
Tumerudi nyumbani. Amsalu amekataa. "Mwenye donda anarudi nyumbani, asiye na donda alazwe. Huo ni mji gani?" Teff imeiva, na teff haingoji, upepo ukija inamwagika yote.

Mama anaamini daktari alibadilisha vioo. Nilimweleza mambo ya askari. Akasema, "Mwanangu ana afya kuliko nyote," akamwongezea Amsalu mchuzi.

Hidar 15
Leo ilikuwa zamu ya jirani yetu kuvuniwa, wanaume wote walikwenda. Nilikuwa napeleka chakula na wanawake. Wakati wa pombe, kikombe cha pembe kilizunguka kama kawaida, mtu baada ya mtu. Kilipofika karibu na Amsalu kikarukwa. Mwenye shamba akamletea kopo, kopo lililokuwa la nyanya, jipya, limeoshwa.

Wote walianza ghafla kuzungumzia ng'ombe.

Amsalu alilitazama kopo. Akanywa lote. Akaliweka juu ya jiwe, akachukua mundu wake, akamaliza mstari wake wa teff mpaka mwisho wa shamba. Kisha akarudi nyumbani. Nilimfuata kwa nyuma, sikuthubutu kumfikia.

Hidar 16
Ameondoka na shuka yake na mkate. Mama anasema ameenda kwenye chemchemi takatifu chini ya genge, na kwamba Mungu hahitaji vioo. Teff yetu bado imesimama. Upepo umeanza.

Hidar 18
Mama Tangut alikuja kwetu kwa miguu. Mama alijua kilichomleta. Akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, akakaa wima kungoja uchumba uvunjwe. Nami nilikaa, shavu wazi. Nilikuwa nimechoka kujificha.

"Yuko wapi kijana wako?" Mama Tangut akauliza.

"Mke wa mwanao ni huyu hapa," mama akasema. "Kama una la kusema, mtazame yeye."

"Huyo nimemwona. Donda la namna hiyo ninalo hata mimi." Akavuta mtandio akatuonyesha kovu nyuma ya taya, jeupe, limekunjamana. "Yule kijana je? Tangu siku ya Msalaba namtazama yeye."

Mama akamgeukia.

Akatueleza. Alikuwa na kaka, mkubwa wake, mzuri wa sura. Vivimbe vilimwanza masikioni, laini, visivyouma. Watu wakafurahi kwamba haviumi. Viliposhika uso wote wakasema ni ukoma. Wakamtengea chombo, kisha kona, kisha kibanda. Mama Tangut alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyekuwa anapeleka chakula na kukiacha mbali, juu ya ukuta wa mawe, kwa amri ya baba yao. Siku moja chakula kilikutwa hakijaguswa. Alikuwa ameondoka. Hawakumwona tena.

"Alikuwa akiniita nisogee tuzungumze," akasema. "Kulikuwa na ukuta wa kufika hapa tu." Akaonyesha kiunoni.

Mama akaanza kulia kwa sauti ya chini. Mama Tangut hakumbembeleza. Akaniambia, "Vaa viatu, binti."

Hidar 19
Chemchemi iko chini sana, njia yake ni ngazi za mawe. Nilimkuta Amsalu amekaa mbali na watu wengine, pembeni, mahali ambapo hakuna aliyemwambia akae. Alikuwa amejitenga mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kopo.

"Nani anavuna?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Hakuna."

"Basi umefuata nini huku?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yote yakapotea. "Amsalu, mimi nina kidonda na nimekaa kati ya watu. Wewe huna kidonda na umekaa huku."

"Maji haya yamewaponya watu."

"Yaoge. Kisha twende na hospitali. Padri mwenyewe hajakukataza, nimemuuliza."

Alishika sikio lake, lililokuwa sasa kama la mtu mwingine. "Ningekuwa naumwa ningekwenda, Wubnesh. Mtu akiumwa anajua anakimbia nini. Mimi naamka asubuhi najisikia mzima kabisa, kisha naona sura za watu."

Mama Tangut alikuwa bado anashuka ngazi, goti linamsumbua. Alipofika hakusema lolote kuhusu kaka yake. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, akafungua kitambaa chake, akamega injera, akaiviringisha na kumlisha mdomoni kwa mkono wake, kama tunavyomlisha mtu tunayemheshimu. Amsalu alisita. Watu walikuwa wanatazama. Kisha akafungua mdomo.

Tulipanda pamoja.

Hidar 22
Amsalu amekubali kulazwa, na hospitalini mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpikia na kumfulia. Mama hawezi kuacha ng'ombe. Nitakwenda mimi, na daktari hajasema tutatoka lini. Maana yake Tir itapita.

Nilimwambia Yirdaw mwenyewe, shambani kwake. Alisikiliza akiwa amechutama, anachora ardhi kwa kijiti.

"Kwa hiyo mimi nisubiri."

"Nakuomba."

"Hukuniomba. Umeniarifu."

Ni kweli. Akasimama akaondoka bila kugeuka. Jioni mama akaniita nje: Yirdaw na ndugu zake wawili wako kwenye teff yetu, wameinama, wanakata. Nilimpelekea maji. Aliyapokea bila kunitazama, akanywa, akarudi kwenye mstari. Sijui hiyo ni ndiyo au ni kwaheri.

Tahsas 6
Sindano. Amsalu amelazwa, anatapika. Viungo vinamuuma, tena ni dawa inayomuuma. Vivimbe havijali.

Tahsas 14
Hakuna mabadiliko.

Tahsas 19
Gamba la shavu langu limetoka lenyewe nilipokuwa nafua mashuka yake. Chini yake kuna ngozi mpya, ya waridi, imejikunja kama karatasi iliyoloa ikakauka. Amsalu aliligusa kovu kwa kidole. "Limefunga," akasema, akafurahi kweli, uso wake wote mzito ukafurahi. Nilikwenda uani nikalia, wala si kwa ajili ya kovu.

Tahsas 28
Amefunga mzigo. Nilimkuta amekaa kitandani, shuka begani.

"Nimechoka kutobolewa kwa ugonjwa nisiousikia. Turudi. Utaolewa, mimi nitakaa mahali."

"Mahali gani?"

Nikakaa mlangoni, sakafuni, miguu nimeinyoosha. Kutoka, angelazimika kuniruka. Wauguzi walipita juu ya miguu yangu na trei zao, mmoja akanitukana kidogo. Nilikaa mpaka sindano ikaja, naye akakunja mkono wa shati.

Tir 11
Sikukuu ya Ubatizo. Tulisikia ngoma na nyimbo za mjini kupitia dirishani. Yirdaw amemtuma mtu na shayiri ya kukaanga, mfuko mzima, bila neno lolote. Amsalu alikula akasema imeungua kidogo, kwa hiyo Yirdaw aliikaanga mwenyewe.

Tir 20
Asubuhi alikataa chai. Nikadhani anaanza tena. Alikuwa amegeukia ukuta na anapumua kwa meno.

"Una nini?"

"Niache."

Nikamvuta bega. Sikio lilikuwa jekundu. Si jekundu la baridi. Lilikuwa limevimba, linang'aa, na ngozi juu ya uvimbe mkubwa imepasuka, inatoa maji. Nilipolikaribia kwa mkono nilihisi joto kabla sijaligusa. Puani vilevile. Nilikimbia kumwita Daktari Meaza miguu peku.

Alikuja, akainama, akabonyeza. Amsalu akauondoa mkono wake kwa nguvu.

"Linauma?"

"Linauma nini! Linawaka. Tangu jana jioni. Mmenipa nini?"

Daktari akabonyeza pengine, kwenye kiwiko, Amsalu akaguna. Akasimama, akavua miwani akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena. "Sitaki kuahidi," akaniambia. "Bado ni safari ndefu, na inaweza kurudi nyuma. Lakini nimekuwa nikiingoja amri hii." Akatoka haraka kwenda kutafuta vioo.

Kicheko kilinijia pamoja na machozi, sikujua nianze na kipi.

"Unacheka?" Amsalu akasema. "Mtu anaumwa, dada yake anacheka."

Nikakaa kitandani pake. "Niambie panapouma."

"Si umeona? Sikio."

"Na wapi?"

"Pua. Hapa, juu ya jicho. Mgongoni, kote huko." Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda na jasho linamtoka. "Kiwiko hiki. Na hiki."

"Na wapi tena?"

Alinitazama. Kisha akaelewa, nikamwona anaelewa, na akaanza upya kutoka sikioni, polepole, akinitajia sehemu moja moja.